Kabla hujakagua macho ya mtoto usiku, ikague kwanza taa yako

Ukiingia dukani jioni kununua kitenge, bila shaka umewahi kumwambia muuzaji, "Hebu kitoe nje nione rangi yake vizuri." Unajua kuwa taa ya duka hudanganya. Kitambaa kilichoonekana cha kahawia ndani, kikifika nje ni damu ya mzee iliyokolea.

Kwa kitenge tuna tahadhari hiyo, lakini kwa mtoto mara nyingi hatuna. Saa tatu usiku mtoto amelegea, mama anamsogeza chini ya taa, anavuta kope la chini, anatazama viganja, kisha anasema, "Damu ipo, tulale." Au kinyume chake, anaona viganja vimepauka na nyumba nzima inapata hofu. Huenda wakati huo taa ya chumbani ndiyo iliyotoa majibu, wala si mwili wa mtoto.

Wiki hii tuzungumzie jambo ambalo wengi hawalihusishi na afya: wekundu uliomo, au usiokuwamo, kwenye mwanga mweupe wa taa za LED.

Mweupe huo umetoka wapi?

Chukua simu yako na utazame tochi yake ikiwa imezimwa. Utaona kidoa cha manjano. Hiyo ndiyo siri ya taa ya LED. Kipande kidogo kilichomo ndani hakitoi mwanga mweupe, hutoa wa bluu. Juu yake hupakwa unga wa manjano ambao hunyonya sehemu ya ile bluu na kuirudisha ikiwa mwanga wa manjano. Bluu iliyopenya ikichanganyika na manjano hiyo, jicho huona nyeupe.

Kazi ya kutengeneza kipande hicho cha bluu ndiyo iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014.

Sasa angalia hesabu yenyewe: bluu na manjano. Nyekundu iko wapi? Kwenye taa ya aina hiyo imo kidogo mno. Jicho linaridhika kwamba chumba ni cheupe, lakini vitu vyekundu vilivyomo havipati mwanga wa kuviamsha. Nyanya inaonekana ya kahawia, nyama inaonekana kama imelala siku mbili, na kiganja cha mtu mwenye damu ya kutosha kinaonekana kimefifia.

Dawa yake ni kuongeza unga wa pili, unaotoa mwanga mwekundu. Upo wa aina kuu mbili. Wa kwanza hutengenezwa kwa madini yenye naitrojeni na chembe za yuropiamu, na huvumilia joto vizuri. Wa pili una floridi na chembe za manganizi. Huu hutoa wekundu uliokolea katika mstari mwembamba, ila unyevu huuharibu, hivyo watengenezaji makini huzivika punje zake ganda la kuzikinga. Kama unaishi Tanga, Mombasa au Zanzibar, ambako hewa ya bahari haikauki, una sababu ya kutonunua taa iliyofungwa ovyo.

Wengine huuliza kama unga huo ni sumu. Umefungwa ndani ya plastiki ngumu juu ya kipande chenyewe, na taa za LED hazina zebaki. Taa za mirija na enaji seva ndizo zenye zebaki, na ndiyo maana nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana mwaka 2023 kwamba utengenezaji wake ukome ifikapo 2027.

Kwa nini wekundu huachwa?

Kama dawa ipo, mbona taa nyingi hazina? Sababu ni namna mwanga unavyopimwa. Kipimo cha lumeni kinachoandikwa kwenye boksi hufuata uwezo wa jicho, na jicho letu huona vizuri zaidi rangi ya kijani inayoelekea manjano. Mwanga mwekundu uliokolea, wa nanomita 650, jicho huuona kwa takribani sehemu moja ya kumi tu ya linavyoona ule wa kijani. Kwa hiyo mtengenezaji akiongeza wekundu, lumeni zinapungua kwa umeme uleule na gharama inapanda. Akiupunguza, boksi linasomeka vizuri. Mnunuzi hutazama wati, lumeni na bei. Wekundu hauulizwi na mtu.

Damu husomwa kwa nyekundu

Kwa afya, jambo hili lina uzito kwa sababu damu ni nyekundu. Himoglobini iliyobeba oksijeni hung'aa kwa wekundu, na ikikosa oksijeni hugeuka kuwa nyeusi-nyeusi. Tofauti hiyo huonekana zaidi katika mwanga mwekundu. Kile kibanio kinachowekwa kidoleni hospitalini kupima oksijeni hutumia mwanga mwekundu wa nanomita 660 pamoja na mwingine usioonekana. Nasi tunapomtazama mtu kwa macho tunafanya kazi ileile, tena bila kifaa, kwa hiyo tunautegemea wekundu wa taa.

Kwetu hili si jambo dogo. Utafiti wa kitaifa wa afya Tanzania wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 58 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa damu. Moja ya njia za kwanza anazofundishwa mhudumu wa zahanati ni kulinganisha kiganja cha mtoto na cha kwake. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, wekundu hausomwi shavuni. Husomwa kwenye viganja, ndani ya kope la chini, kwenye ulimi na kwenye ufizi. Ni sehemu chache, na kila moja inahitaji mwanga mwaminifu.

Ndiyo maana kanuni za Ulaya za mwanga wa sehemu za kazi hutaka chumba cha kumchunguza mgonjwa kiwe na taa zenye uaminifu wa rangi usiopungua 90 kati ya 100. Kama una zahanati au duka la dawa, kipimo hicho kingekufaa nawe.

Umanjano wa mtoto mchanga

Hapa nakuomba usome polepole. Umanjano wa watoto wachanga, ambao si homa ya manjano, huonekana kwenye ngozi na kwenye weupe wa macho. Taa yenye bluu nyingi huweza kuuficha, na taa ya manjano sana huweza kuuzusha kwa mtoto mzima wa afya. Mtazame mchana karibu na dirisha, si chini ya globu. Bonyeza taratibu ngozi ya pua au kifua kwa kidole, achia, na utazame rangi inayobaki kabla damu haijarudi.

Umanjano ukionekana ndani ya saa 24 za kwanza tangu kuzaliwa, au viganja na nyayo vikiwa vya manjano siku yoyote ile, hiyo ni hatari. Mpeleke hospitali mara moja.

Wapo watakaosema, "Kama hospitali humlaza chini ya taa ya bluu, na LED ni bluu, si nimuwashie hii ya nyumbani?" Hapana. Taa ya hospitali hutoa bluu nyingi ya nanomita 460 hadi 490, kwa nguvu iliyopimwa, na mtoto hufunikwa macho huku damu yake ikipimwa. Globu ya dari haiwezi kazi hiyo. Kumwanika juani nako si tiba ya umanjano mkali. Kunakuchelewesha tu, na umanjano mkali ukicheleweshwa huharibu ubongo.

Na usingizi je?

Ndani ya jicho kuna seli ambazo kazi yake ni kuuambia ubongo kwamba kumekucha, na huamshwa zaidi na mwanga wa bluu. Ukikaa chini ya taa nyeupe kali hadi saa tano usiku, mwili huchelewa kutoa melatonini, homoni inayotuandaa kulala. Taa yenye unga mwekundu wa kutosha hunyonya sehemu kubwa zaidi ya bluu, na ndiyo maana mwanga wake una uvuguvugu wa taa ya chemli. Hiyo ndiyo inayofaa chumbani.

Ufanye nini dukani?

Soma boksi. Namba yenye herufi K hueleza sura ya mwanga: 2700K hadi 3000K ni mwanga wa jioni, wa kulalia. 4000K unafaa jikoni na mezani. 6500K ni mweupe unaoelekea bluu, na ndio uliojaa madukani.

Kisha tafuta Ra au CRI, uaminifu wa rangi. Kwenye baadhi ya taa imefupishwa: 865 maana yake uaminifu wa kuanzia 80 na mwanga wa 6500K, na 930 ni kuanzia 90 na 3000K. Lakini kuwa mwangalifu: Ra ni wastani wa rangi nane zilizopauka, na nyekundu iliyokolea haimo. Nyekundu hiyo ina namba yake, R9, na taa ya Ra 80 inaweza kuwa na R9 ya sifuri au hata chini ya sifuri. Ukipata ya Ra 90 kwa taa moja tu ya chumba anacholala mtoto, inatosha. Si lazima ubadili nyumba nzima.

Boksi lisipokuwa na maandishi, tumia nyanya iliyoiva. Itazame mchana dirishani, pamoja na kiganja chako. Usiku irudishe chini ya taa. Ikigeuka kahawia na kiganja kikapauka, umeijua taa yako, na hutaiamini tena katika jambo la damu.

La mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Mtoto asiyenyonya, anayepumua kwa shida, mwenye degedege au asiyeamka vizuri, usikae kumtazama rangi wala kungoja kupambazuke. Hizo ni dalili ambazo hata gizani zinajulikana. Mbebe uende, saa yoyote ile.

Tukutane wiki ijayo.