"Baadhi" na "Wote": Mwanafunzi Anapoelewa Zaidi ya Tunavyodhani

Katika zoezi moja la ufahamu nililotunga mwenyewe, kifungu kilisema kwamba wakulima wote watano wa kijiji fulani walivuna mahindi. Swali la nne liliwataka wanafunzi waandike Kweli au Si kweli mbele ya sentensi hii: "Baadhi ya wakulima walivuna mahindi." Mwongozo wangu wa kusahihisha ulisema Si kweli. Baada ya kurudisha karatasi, mwanafunzi mmoja aliyekuwa ameandika Kweli alinifuata akasema, "Samahani mwalimu. Ikiwa wote walivuna, je, baadhi yao hawakuvuna?" Sikuwa na jibu la kumridhisha. Alama yake ikabaki kama ilivyokuwa.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini swali la mwanafunzi yule lilikuwa zito, na yale ambayo wanaisimu wamegundua kwa kufanya majaribio kuhusu maneno kama "baadhi".

Yanayosemwa na yanayodokezwa

Mwaka 1967 mwanafalsafa wa Uingereza, Paul Grice, alitoa mihadhara katika Chuo Kikuu cha Harvard, na sehemu yake mashuhuri ikachapishwa mwaka 1975. Hoja yake ni kwamba mazungumzo ni kazi ya ushirikiano. Msemaji anatarajiwa kuzingatia kaida nne: wingi, ubora, uhusiano na namna. Kaida ya wingi inamtaka atoe habari za kutosha, wala zisipungue wala zisizidi.

Tuchukue mfano. Mwalimu mkuu akisema, "Baadhi ya wanafunzi wamelipa ada," sisi sote tunaelewa kwamba wapo ambao hawajalipa. Lakini hakusema hivyo. Sisi tumefikiri: angekuwa anajua kwamba wote wamelipa, angesema "wote". Kwa kuwa amechagua neno lenye nguvu ndogo, basi neno lenye nguvu kubwa halifai. Maana ya "si wote" imedokezwa tu. Ndiyo sababu mwalimu mkuu anaweza kuongeza, "kwa kweli, wote wamelipa," bila kujipinga. Angalisema "wanafunzi watatu tu wamelipa", asingeweza kuongeza maneno hayo.

Kwa hiyo "baadhi" ina tabaka mbili. Kimantiki ni "angalau wachache, pengine wote". Katika mazungumzo ni "wachache, si wote". Mwanafunzi wangu alijibu kwa tabaka la kwanza. Mwongozo wangu ulidai la pili.

Majaribio yanasema nini?

Mwaka 2001 Ira Noveck alichapisha utafiti uliofanywa kwa Kifaransa. Washiriki walisikia sentensi kama "Baadhi ya twiga wana shingo ndefu" na kusema kama wanakubali. Watoto wa miaka 8 walizikubali kwa asilimia 89, na wa miaka 10 kwa asilimia 85. Watu wazima walizikubali kwa asilimia 41 tu. Watoto, kwa namna fulani, walikuwa wanamantiki kuliko wakubwa wao.

Mwaka 2003 Anna Papafragou na Julien Musolino walichapisha utafiti wa watoto wa miaka mitano wanaozungumza Kigiriki. Watoto walitazama hadithi iliyoigizwa, kwa mfano farasi wote wakiruka uzio, kisha kikaragosi akasema kwamba baadhi ya farasi wameruka. Watu wazima karibu wote walimkataa kikaragosi. Watoto walimkataa kwa asilimia 12.5 tu. Lakini watafiti hawakuishia hapo. Katika jaribio la pili waliwazoeza watoto kwanza kutambua kauli ambazo ni za kweli ila hazitoshi, na pia wakaifanya hadithi ielekeze macho kwenye swali lenyewe. Sasa watoto walimkataa kikaragosi kwa zaidi kidogo ya nusu.

Mwaka 2004 Lewis Bott na Ira Noveck walipima muda ambao watu wazima hutumia kujibu. Waliowekewa sentensi kama "Baadhi ya tembo ni mamalia" walichukua muda mrefu zaidi kuikataa kuliko kuikubali. Walipopewa muda mfupi sana wa kujibu, walielekea zaidi kuikubali. Inaonekana kwamba katika zoezi la aina hiyo maana iliyodokezwa huhitaji kazi ya ziada akilini.

Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa Napoleon Katsos na Dorothy Bishop wa mwaka 2011. Watoto wa miaka 5 na 6 waliombwa kumsaidia mhusika wa kubuni aliyekuwa akijifunza Kiingereza. Walipotakiwa kusema tu kama amesema sawa au amekosea, wengi wao walizikubali sentensi zenye upungufu. Lakini walipopewa ngazi tatu za kumtuza, yaani stroberi ndogo, kubwa na kubwa sana, waliichagua ile ya katikati. Kumbe walikuwa wameuona upungufu! Hawakuona tu kwamba unastahili kuitwa kosa.

Mpangilio wa maneno nao una neno

Maana haitegemei msamiati peke yake. Mwaka 2000 Musolino, Stephen Crain na Rosalind Thornton walichunguza sentensi ya Kiingereza ambayo kwa neno kwa neno ingekuwa "Kila farasi hakuruka uzio." Katika hadithi, farasi wawili kati ya watatu walikuwa wameruka. Watu wazima waliikubali sentensi hiyo kwa maana ya "si kila farasi aliruka". Watoto wengi waliikataa, kwa sababu waliielewa kuwa hakuna hata mmoja aliyeruka. Mwaka 2006 Musolino na Jeffrey Lidz walionyesha kwamba sentensi hiyo ikitanguliwa na kauli ya kulinganisha, yaani kwamba kila farasi aliruka gogo lakini kila farasi hakuruka uzio, watoto walioifikia maana ya watu wazima waliongezeka sana.

Kiswahili hutenganisha maana hizi waziwazi. "Wanafunzi wote hawakufika" kwa kawaida ni kusema hakuna aliyefika. "Si wanafunzi wote waliofika" ni kusema wapo waliofika. Mwanafunzi wetu hapa Uganda anayefikiri kwa Kiingereza huandika ya kwanza akikusudia ya pili. Hapo kosa ni la muundo, na linastahili kufundishwa kama muundo.

Mafunzo kwa walimu

(a) Katika maswali ya Kweli au Si kweli, tuepuke "baadhi" pale ambapo kifungu kinasema "wote". Tukitaka kupima ukanushaji, tuandike "baadhi tu" au "si wote".

(b) Tukitaka kupima maana iliyodokezwa, tutoe ngazi tatu: sahihi, sahihi lakini haitoshi, si sahihi.

(c) Tuweke muktadha. Nani anasema, anamjibu nani, na aliulizwa nini?

(d) Tusidhani kwamba mwanafunzi hajui neno. Anayezungumza Luganda anatumia "abamu" tangu utotoni. Tatizo linaweza kuwa swali letu.

Hitimisho

Tafiti nilizozitaja zilifanywa kwa Kifaransa, Kigiriki na Kiingereza. Matokeo yake yasihamishiwe kwenye Kiswahili bila kupimwa. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu anaweza kuanzia hapa: picha chache, sentensi ishirini na saa moja ya kila mshiriki zinatosha kwa jaribio la awali kati ya wanaojifunza Kiswahili.

Kuhusu mwanafunzi wangu, nilimwita wiki iliyofuata, nikamrudishia alama yake pamoja na wenzake wote walioandika Kweli. Nilimweleza pia kwamba walioandika Si kweli hawakukosea. Walisikia lile ambalo sentensi ilidokeza. Akauliza, "Sasa swali lilikuwa la nini, mwalimu?" Hilo nalo lilikuwa swali la haki, na sasa swali la nne limeandikwa upya.