Kongo na Uganda katika hadithi moja: namna ya kuoanisha nchi mbili hasimu

Hadithi ilianza kuzunguka kwenye simu za promosheni yetu wakati wa mitihani, majira ambayo kila mtu hutafuta sababu ya kutosoma. Haikuwa na jina la mwandishi. Ndani yake Kongo ni mfanyabiashara wa Butembo, mwenye duka la vitambaa na daftari lililojaa madeni ya watu. Uganda ni jirani wa ng'ambo ya mto Lubiriha, askari wa zamani anayeingia kila wiki na lori kupitia Kasindi. Wanagombana juu ya bei, wanapatana, na kufikia sura ya nne wanapendana. Walioisoma Butembo walicheka sana. Mwenzetu mmoja wa Beni aliirudisha na swali moja tu: «Na sisi tulikuwa wapi?»

Makala haya yanaeleza ufundi wa hadithi za aina hiyo, kisha yanajaribu kumjibu mwenzetu wa Beni. Sehemu ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza.

Tuanze na jina la jambo lenyewe. Kuipa nchi mwili, sauti na hasira ni tashihisi, na hilo tumelisoma tangu sekondari. Kuoanisha ni hatua ya pili: shabiki wa kazi fulani huchukua wahusika wawili ambao mwandishi wa kwanza hakuwaunganisha, akawaandikia mapenzi. Kazi iliyoeneza mtindo huu kwa nchi ni Hetalia, katuni ya Mjapani Hidekaz Himaruya iliyoanzia kwenye intaneti mwaka 2006, ambamo Italia, Ujerumani, Japani na nchi nyingine ni vijana wanaochekesha, na vita vya dunia ni fujo za nyumbani. Mashabiki wakaichukua na kuongeza yao, na jozi walizozipenda mara nyingi zilikuwa za mahasimu: Uingereza na Ufaransa, Marekani na Urusi. Mchezo huo una gharama yake. Januari 2009 kituo kimoja cha televisheni cha Japani kilifuta mpango wa kuirusha, baada ya watu wa Korea Kusini kulalamikia jinsi mhusika wa nchi yao alivyochorwa.

Kwa nini mahasimu? Kwa sababu hasimu anakufahamu. Rafiki anaweza kusahau siku uliyoanguka. Adui ameiandika tarehe. Kwa mwandishi hiyo ni mali, maana wahusika wawili wanaokumbuka siku ileile kwa namna mbili tayari wana mazungumzo, hata kabla hujawaandikia neno.

Jambo hili ni la zamani kuliko katuni. Mwaka 1712 daktari Mskoti John Arbuthnot aliandika vijitabu ambamo vita vikubwa vya Ulaya vya wakati huo, vya kugombea kiti cha ufalme wa Hispania, vinasimuliwa kama kesi mahakamani. Uingereza ni John Bull, mfanyabiashara wa vitambaa mwenye hasira za haraka. Mfalme wa Ufaransa ni Lewis Baboon. Na wakili wao anairefusha kesi kwa kuwa kila siku ya kesi ni siku ya malipo. Nilipofika kwenye vitambaa nilimkumbuka yule mfanyabiashara wa Butembo. Sidhani kama mwandishi wetu asiye na jina amemsoma Arbuthnot. Nadhani mtu akitafuta mwili wa kuipa nchi inayohesabu hasara zake, duka la vitambaa huja lenyewe.

Ila sisi hatuhitaji kubuni kesi. Tunayo. Tarehe 23 Juni 1999 Kongo iliishtaki Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague, wakati jeshi la Uganda likiwa bado katika miji yetu. Hukumu ilitoka tarehe 19 Desemba 2005: Uganda ilikuwa imevunja sheria kwa kuingia, kukalia na kupora. Watu wengi husahau kwamba hukumu hiyohiyo iliikuta Kongo nayo na kosa, kwa yale yaliyotendeka katika ubalozi wa Uganda mjini Kinshasa na kwa wanadiplomasia wake. Makosa hayalingani hata kidogo, na mwandishi akiyalinganisha anadanganya. Lakini kwa ufundi wa wahusika hapo pana hazina: wote wawili wamesimama siku moja mbele ya jaji mmoja, na kila mmoja ametoka na karatasi ambayo asingependa isomwe nyumbani kwake.

Sasa tazama tarehe zinazofuata. Juni 2021 marais wawili wanakutana mpakani Kasindi kuzindua kazi za barabara: kilomita 223 kwa jumla, zikiwemo 80 za Kasindi hadi Beni na 54 za Beni hadi Butembo. Tarehe 30 Novemba mwaka huohuo jeshi la Uganda linaingia tena, safari hii kwa ruhusa, kupigana pamoja na jeshi letu dhidi ya ADF. Na tarehe 9 Februari 2022, askari wakiwa bado msituni, mahakama ya The Hague inataja hesabu ya mara ya kwanza: dola milioni 325, zilipwe kwa awamu tano za milioni 65 kila mwaka. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya bilioni 11. Jirani yuko mlangoni na jembe la kukusaidia, huku karani anapita na bili ya ng'ombe aliowachukua zamani. Mwandishi wa riwaya angeyabuni haya, tungemwambia amezidisha.

Usambamba wa wahusika hujengwa hapo. Kosa la kawaida, ambalo hadithi ya promosheni yetu imelifanya katika sura mbili za kwanza, ni kupanga sifa zinazopingana: mmoja mkubwa mwingine mdogo, mmoja tajiri wa ardhi mwingine tajiri wa bunduki, mmoja mpole mwingine mkali. Orodha kama hiyo haizai tukio lolote, kwa kuwa kila mhusika anabaki upande wake akiwa na sifa zake. Weka badala yake kitu kimoja mkononi mwa wote wawili. Ruwenzori, kwa mfano: kilele cha Margherita, mita 5,109, kiko mpakani kabisa, na kila mmoja anaamka asubuhi akiuona mlima uleule kwa upande wa pili. Au watu: Wanande wa huku na Wakonzo wa kule, lugha moja, koo moja, mpaka katikati. Au deni. Katika jaribio langu mwenyewe nilianza na deni:

«Shemeji, nimeleta lami.»
«Karibu. Na ile hesabu yetu?»
«Si umeona lami?»
«Lami nimeiona. Nauliza hesabu.»

Neno «shemeji» linafanya kazi kubwa kuliko maelezo yangu yote. Limekubali undugu, na kwa kuukubali limeleta haki ya kudai. Rafiki unaweza kumsamehe deni. Shemeji, familia nzima itauliza.

Kisha kuna suala la lugha ambayo wawili hawa wanasemezana, na sisi wanafunzi wa lugha hatuna udhuru wa kulipita. Kifaransa cha mmoja na Kiingereza cha mwingine vinawatenga. Kiswahili kinawakutanisha, ila si Kiswahili kimoja. Katiba yetu ya 2006 inakitaja kati ya lugha nne za taifa, na huku mashariki ni lugha ya soko, kanisa na ugomvi wa majirani. Kambini, Lingala ndiyo imetawala. Uganda ni kinyume. Kule Kiswahili kilisikika kwa miaka mingi kama lugha ya askari. Idi Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na jambo hilo halikukifanya kipendwe. Kilipewa nafasi ya lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Kwa hiyo neno moja linatoka katika vinywa viwili na historia mbili. «Lipa», akisema mwenye duka wa Butembo, ni mwisho wa mazungumzo ya bei. «Lipa», akisema mwenye bunduki kwenye kizuizi, hakuna mazungumzo. Mwandishi anayewafanya wahusika wake wapendane kwa Kiswahili ana sharti la kuamua mpenzi huyu amejifunzia wapi maneno yake.

Kiswahili kinampa mwandishi zawadi nyingine. Anayeandika jozi kwa Kifaransa analazimika kuchagua mapema nani ni mwanamume na nani mwanamke. Sarufi inamdai kila mstari. Sisi tuna «a-» tu. Kongo anacheka, Uganda anakasirika, na msomaji anaweza kufika sura ya tano bila kujua. Hadithi yetu haikusema kamwe, na nimesikia wasomaji wawili wakibishana vikali juu ya jambo ambalo halimo kwenye maandishi.

Lakini «a-» hiyohiyo ndiyo iliyonionyesha udhaifu wa hadithi. Kwa kawaida jina la nchi huchukua upatanisho wa «i-»: Uganda imelipa. Mwandishi akiandika «Uganda amelipa», papo hapo nchi imepata miguu na mfuko. Tashihisi yote ya Kiswahili, ikiwa ni ya nchi, inakaa katika herufi hiyo moja. Nilirudi kuisoma hadithi nikiwa na kalamu, nikipiga mstari chini ya kila kiambishi. Uganda anacheka, Uganda anasahau kofia yake dukani, Uganda anaomba maji. Halafu inafika mwaka 1998, na sentensi inasema: «Uganda iliingia Beni.» Sura inayofuata, Uganda anaomba maji tena.

Sidhani mwandishi alikusudia. Mkono ulikataa. Tendo lilipokuwa baya, yule mtu tuliyekuwa tunamzoea aliondoka, nchi ikabaki kuwa nchi, na hakuna wa kumuuliza. Kwa Kongo ni vivyo hivyo: anauza, anapenda, anaonewa, lakini ubalozi «ulishambuliwa», kwa kauli ya kutendwa, kana kwamba ulijishambulia wenyewe. Kwa maneno mengine, wahusika wamepewa mwili kwa ajili ya mapenzi tu, na kunyang'anywa siku ya hesabu. Anayetaka jozi ya mahasimu ashike kanuni moja ngumu: ukianza na «a-», baki na «a-» hata pale inapochoma. Andika «Uganda aliingia Beni», uone kama sura ya mapenzi bado inasimama. Ikisimama, umeandika kitu.

Hata hivyo kanuni hiyo haimjibu mwenzetu. Yeye hakuuliza juu ya «a-» wala «i-». Aliuliza juu ya «wa-».

Mhusika-nchi ana mwili mmoja, na mwili huo haufi. Anapigwa sura ya pili, sura ya tatu ana bandeji, sura ya nne anatania. Katika katuni hiyo ndiyo raha yenyewe. Beni, tangu Oktoba 2014, waliouawa vijijini na mitaani hawana sura ya tatu. Mimi nilijaribu kuwaingiza ADF katika jaribio langu, kwa kuwa kundi hilo lilizaliwa Uganda kisha likajificha kwetu: nikaandika juu ya mtoto mtukutu aliyekimbia nyumba ya mmoja akalelewa na msitu wa mwingine. Ilipendeza kwa jioni moja. Asubuhi nilifuta. «Mtoto mtukutu» anaadhibiwa na kusamehewa. Watu waliochinjwa kwa panga hawawezi kuwa utukutu wa mtoto wa mtu. Hata mahakama ilijua kutenganisha: katika zile milioni 325, 225 zilikuwa kwa madhara waliyopata watu, 40 kwa mali, 60 kwa maliasili. Hadithi yetu ilikuwa na mali na maliasili, kahawa na mbao na kakao. Ile 225 haikuwa na pa kukaa.

Basi aache kuandika? Wapo wanaosema hivyo, na sikubaliani nao, maana vicheko vya Butembo havikuwa vya dharau. Watu walicheka kwa kuwa kwa mara ya kwanza jambo zito lilikuwa na ukubwa wa duka. Nadhani dawa iko katika desturi tunayoijua sote. Kwetu watu wawili hawaoani peke yao. Kuna wazee, kuna wajomba, kuna mbuzi zinazohesabiwa na kukaguliwa na kurudishwa kama mmoja anachechemea. Kuna shangazi aliyenyamaza muda wote ambaye mwishoni huuliza swali linalovunja kikao. Jozi bila familia, kwa msomaji wa hapa, ni kasoro ya muundo: ndoa isiyo na mashahidi. Ingiza «wa-» kama familia yenye haki ya kukataa, na wapenzi wako watalazimika kusema mbele yao yale waliyokuwa wakinong'onezana dukani. Waingize Wanande na Wakonzo wanaoelewana bila mkalimani, na ambao kila mmoja wa wapenzi anadai ni watu wake. Hapo hata msimulizi anaweza kubadilika, awe «tu-»: sisi tuliokuwa uani, tuliowaona wakija.

Nilimpelekea mwenzetu wa Beni mawazo haya. Hakujibu kwa wiki moja, kisha akatuma kurasa tatu zake mwenyewe. Uganda amefika na lami na mbuzi, Kongo amevaa kitenge kipya, na wazee wa Beni wamekaa kwenye viti vya plastiki. Mmoja wao, mama aliyefika kwa miguu kutoka upande wa Mbau, anaomba kwanza yasomwe majina, yote, kabla ya mbuzi kufunguliwa kamba. Ukurasa wa tatu unaisha wakiwa bado wanasoma.