Anayetaka kurudi kutoka ughaibuni ajenge riziki kabla ya nyumba

Muulize Mkenya au Mtanzania aliyeishi ughaibuni miaka mingi amejiandaa vipi kurudi, na aghalabu atakujibu kwa lugha ya fundi: msingi ulikwisha, tumeshapita linta, mwaka huu tunaezeka, bado plasta na madirisha. Ndugu zake nao humpima kwa kipimo hichohicho. Aliyejenga huhesabiwa kuwa yuko njiani kurudi; asiyejenga huhesabiwa kuwa amepotea. Tumeizoea hesabu hiyo kiasi kwamba hatujiulizi kama ni sahihi, na mimi nasema si sahihi. Kinachomwezesha mtu kurudi kwao akatulia, asifungashe tena baada ya mwaka mmoja, ni mambo matatu ambayo hayapigwi picha: kipato kitakachomlisha akiwa huku, karatasi zinazomtambua kuwa mwenyeji, na matibabu atakayoyamudu akiugua. Nyumba ni jambo jema, lakini zamu yake ni baada ya hayo. Tukiitanguliza, tunamwandalia mrejeaji mahali pa kulala bila kumwandalia namna ya kuishi.

Fedha zinazohusika si kidogo. Kwa takwimu za Benki Kuu ya Kenya, Wakenya walio nje walituma nyumbani dola bilioni 4.19 mwaka 2023, na mwaka 2024 zikafika dola bilioni 4.94, zaidi ya nusu zikitoka Marekani. Nyingi hulipa karo, hospitali, chakula na matanga, na kwa hilo hakuna wa kulaumiwa. Hoja iko kwenye akiba inayobaki, ambayo huelekezwa kwenye ujenzi. Mwenye nyumba yuko London au Doha, na kazi inasimamiwa na shemeji au binamu. Kila mwisho wa mwezi inaingia picha kwenye simu: lori limemwaga kokoto, nondo zimefungwa, saruji imeisha, fundi anataka malipo ya awamu ili apige kenchi. Pesa inatumwa. Kazi inasimama miezi sita kwa sababu ya msiba au karo, kisha inaendelea kwa bei mpya ya saruji na mabati. Inapita miaka minane, kumi, na muda wote huo fedha iliyolala pale haijazaa hata shilingi. Nyumba ikikamilika iko kijijini, vyumba vitano na sebule mbili, mahali ambapo hakuna mpangaji wa kuilipia kodi. Mlinzi anataka mshahara, mbao zinaliwa na mchwa, rangi inabanduka. Mwenyewe anaporudi bila kipato, anakuta ameongeza mtegemezi.

Halafu kuna swali la nyumba hiyo kusimama juu ya ardhi ya nani. Sehemu nyingi za Kenya, shamba la ukoo bado limeandikwa jina la babu aliyefariki zamani na mirathi haijafunguliwa mahakamani. Aliyejenga hapo ana nyumba lakini hana hati, na bila hati hawezi kuiweka dhamana ya mkopo wa biashara. Kwa aliyechukua uraia wa nchi nyingine jambo ni zito zaidi. Kabla ya Katiba ya 2010, Mkenya mtu mzima aliyepata uraia wa nje alipoteza wa kwao. Katiba hiyo, iliyoanza kutumika 27 Agosti 2010, iliruhusu uraia pacha kwa mzaliwa, lakini aliyekuwa ameshaupoteza sharti auombe upya. Asipoomba, kisheria ni mgeni, na mgeni nchini Kenya hamiliki ardhi ila kwa kuikodi kwa muda usiozidi miaka 99. Tanzania Bara, Sheria ya Ardhi ya 1999 inamzuia asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na uraia pacha kwa mtu mzima haupo. Serikali imechagua njia ya hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania. Ndiyo maana kuna watu waliojenga kwa jasho la miaka mingi kwa jina la kaka. Kaka akifariki, mahakama itawatazama mjane na watoto wake. Hapo ndugu wanaopendana hugeuka wadai na wadaiwa, kwa kosa la kutanguliza tofali mbele ya karatasi.

Wengi hupanga kurudi uzeeni wakitegemea pensheni ya huko walikofanya kazi. Ni mpango mzuri kwa anayeyajua masharti yake. Uingereza, pensheni ya serikali hudai angalau miaka 10 ya michango, na aliyestahili anaweza kulipwa akiwa Mombasa au Moshi. Lakini nyongeza ya kila mwaka wanayopata wastaafu waliobaki kule haimfikii anayeishi Kenya au Tanzania. Anayeanza kulipwa akiwa hapa leo atapokea pauni zilezile akiwa na miaka 85, wakati bei ya dawa na mafuta ya taa imeshapanda mara nyingi. Marekani inadai pointi 40, ambazo ni kama miaka 10 ya kazi, na haina mkataba wa hifadhi ya jamii na nchi yoyote ya Afrika Mashariki. Aliyefanya kazi miaka saba kule hawezi kuiunganisha na miaka yake ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa nyumbani, ili afikishe kiwango. Matibabu nayo hayasafiri. Medicare ya Marekani kwa kawaida hailipii tiba ya nje ya nchi, na huduma ya NHS ni ya mkazi wa Uingereza. Huku nyumbani, bima binafsi humtoza mzee anayejiunga upya bei kubwa na kumpa muda wa kusubiri kwa maradhi aliyokuja nayo. Kenya kuna bima ya afya ya umma ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, lakini nayo hufaa aliyejisajili na kulipa kabla hajalazwa.

Aliye Ghuba hali yake haina fumbo. Dada aliyekwenda Riyadh au Muscat kwa kazi za ndani kwa kawaida ana mkataba wa miaka miwili. Hana matarajio ya uraia kule, wala pensheni ya kila mwezi. Kwake, kurudi kumeandikwa kwenye mkataba tangu siku ya kwanza. Ikiwa mishahara yake yote imeishia kwenye kuta zisizoezekwa, njia iliyobaki ni kumtafuta wakala ampeleke tena, na watoto waendelee kulelewa na bibi. Huyu ndiye anayehitaji kuliko wote kusikia kwamba cherehani mbili na kibanda chenye leseni vinaweza kumbakiza nyumbani, na nyumba isiyokwisha haiwezi.

Historia inatupa ushahidi wa pande mbili. Wangari Maathai alirudi Kenya mwanzoni mwa 1966 baada ya masomo ya biolojia Marekani, akiwa ameahidiwa kwa barua kazi ya utafiti chuo kikuu Nairobi. Alipofika aliambiwa nafasi imepewa mtu mwingine, na katika kitabu cha maisha yake ameeleza kwamba aliona mkono wa ukabila na ubaguzi dhidi ya wanawake. Alikuwa na kwao, elimu na hamu ya kutumikia nchi. Kilichomwezesha kusimama ni kazi nyingine aliyoipata katika idara ya anatomia ya mifugo. Oman inatuonyesha upande wa pili. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, familia nyingi zenye asili ya Oman zilitawanyika. Julai 1970 Qaboos bin Said alishika madaraka akawaita Waomani walio nje warudi. Nchi ilikuwa na shule tatu tu, mafuta yalikuwa yameanza kuuzwa nje mwaka 1967, na kila idara ilitafuta watu waliosoma. Waliotoka Zanzibar, wengi wakikijua Kiswahili kuliko Kiarabu, waliingia shuleni, hospitalini, serikalini na kwenye kampuni za mafuta. Wengi hawakuwa na nyumba iliyowasubiri. Hata Muscat hawakuwahi kuikanyaga. Walipata kazi na kutambuliwa, makazi yakafuata, na Kiswahili kinasikika Muscat mpaka leo.

Atakayenipinga kwanza atasema pesa ya mkononi huliwa. Ndugu wakijua una akiba, kila wiki ina mgonjwa na kila mwezi una harusi. Tofali angalau haliombwi. Kuna ukweli hapo, na si haki kumwita mtu mchoyo kwa kutafuta kinga. Lakini ujenzi wa mbali nao huliwa. Saruji iliyolipiwa na saruji iliyofika kwenye kiwanja si lazima iwe idadi moja, na anayeona picha tu hawezi kuhesabu mifuko. Tena mahali pa kuweka fedha pasipoonekana papo. Tangu 2023 mfumo wa DhowCSD wa Benki Kuu ya Kenya unamwezesha Mkenya aliye nje kununua hatifungani za serikali kwa intaneti, na riba hulipwa kila miezi sita. Tanzania kuna mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS. Kuna SACCO zinazopokea wanachama walio nje. Shilingi inaweza kushuka thamani, na kila uwekezaji una hatari yake, lakini fedha hizo huzaa na hurudi mkononi zinapohitajika. Fedha iliyo ukutani hairudi mpaka apatikane mnunuzi, na nyumba kubwa ya kijijini kwenye ardhi ya ukoo haina mnunuzi.

Pingamizi la pili ni kwamba ardhi hupanda bei, na kwamba kujenga ni heshima. Kuhusu ardhi nakubali, na ndiyo sababu ya kutenganisha kiwanja na nyumba. Anunue kiwanja, afanye upekuzi kwenye ofisi ya ardhi, hati itoke kwa jina lake, kisha asubiri. Kuhusu heshima, ziko nyumba za aina mbili. Nyumba ya mama anayevujiwa ni deni la mtoto, na hailingani na hesabu za uwekezaji. Ijengwe mapema, kwa ukubwa anaouhitaji yeye. Ninayoipinga ni ile ya mwenye mali, inayojengwa ili watu wa Desemba waione, na kufungwa kuanzia Januari. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, na ndani ndiko wanakokaa watu wanaohitaji kula kila siku.

Pingamizi la tatu ndilo lenye uchungu: wengi hawapangi kurudi, hurudishwa. Kibali kimekwisha, kazi imefungwa, afya imeanguka, mzazi amebaki peke yake. Kwao mipango ni anasa, watasema. Naona kinyume. Nusu ya nyumba siku ya dharura haimsaidii mtu, kwa sababu haikaliki wala haiuziki. Nusu ya akiba bado ni akiba. Kitambulisho halali, michango iliyolipwa na usajili wa taaluma vina thamani hata kama safari ya kurudi imekuja usiku mmoja. Muuguzi aliyesomea Uingereza hataruhusiwa kushika wodi Nairobi au Dodoma mpaka baraza la wauguzi limsajili, na shughuli hiyo huanza kwa barua na vyeti ambavyo ni rahisi kuvipata ukiwa bado kazini kule kuliko ukiwa umeshaondoka.

Kwa anayeweza kupanga, kipimo bora ni kuja kuishi kidogo kabla ya kuhama, tena nje ya msimu wa sikukuu, wakati ofisi ziko wazi na ndugu wako kazini. Hapa serikali zetu zinamkwaza. Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inampa mrejeaji msamaha wa kodi kwa vyombo vya nyumbani na gari moja alilolimiliki na kulitumia huko angalau miezi 12, lakini awe ameishi nje miaka miwili bila kukaa nchini jumla ya siku 90. Anayekuja kwa miezi minne kuijaribu biashara anaweza kuupoteza msamaha huo, kwa hiyo wengi huchagua gari na kurudi wakiwa hawajajaribu lolote. Sharti hilo lirekebishwe. Serikali zitafute pia mikataba ya hifadhi ya jamii na nchi wanakofanya kazi watu wetu, na zirahisishe kuchangia bima na pensheni za nyumbani ukiwa nje. Fedha zao tunazihesabu kila mwezi. Tuwahesabu na wenyewe.

Lakini sheria hazitatosha ikiwa sisi tuliobaki tutaendelea kumuuliza kila anayepiga simu nyumba imefikia wapi. Swali hilo ndilo linalomsukuma kupeleka akiba yake mahali pasipomsaidia. Tumuulize akirudi ataishi kwa nini, jina lake liko kwenye karatasi gani, na akiugua atatibiwa na nani. Aliye na majibu ya maswali hayo anaweza kurudi hata akianza kwa kupanga vyumba viwili, na atajenga akiwa hapa, akihesabu mifuko ya saruji kwa macho yake mwenyewe.