Bingwa wa Biliadi na Pembe za Kwetu

Ukikatiza mitaa ya Kariakoo jioni hukosi meza ya pool imezungukwa na vijana, wanaocheza wawili, wapambe kumi. Wakubwa wakipita wanatuita wavivu. Haya, lakini ile meza ina historia, na sehemu ya historia hiyo ilipita hapa hapa pwani kwetu.

Pool ni mtoto wa biliadi, na mmoja wa mabingwa wa mwanzo wa biliadi ni Michael Phelan. Alizaliwa Ireland mwaka 1819, akapelekwa Marekani angali mtoto. Enzi hizo biliadi ilinuka ulevi na kamari (mnaona, siyo sisi tu). Mwaka 1850 jamaa akatoa kitabu cha kujifunza mchezo huo bila mwalimu, cha kwanza Marekani. Sisi tunaosomea ualimu tunajua hiyo si kazi ndogo: kuchukua kitu cha mkononi na machoni, ukakieleza kwa maneno mpaka mtu wa mbali akakiweza.

Aprili 1859, mjini Detroit, akapambana na John Seereiter kwa dau la dola 15,000. Wa kwanza kufikisha pointi 2,000 ndiye mshindi. Wakakesha. Phelan alishinda, mwenzake akiwa ameachwa pointi 96 tu.

Ushindi huo ulimpa jina, ila kwangu mimi jambo kubwa zaidi ni mpira. Wakati ule mpira wa biliadi ulichongwa kwa pembe ya ndovu, tena sehemu ya katikati ili uzito ulingane pande zote. Pembe moja ilitoa mipira michache tu, minne au mitano hivi. Na pembe za Afrika Mashariki zilitafutwa sana kwa ulaini wake. Zilitoka bara, kupitia Ujiji na Tabora, mabegani mwa wapagazi, safari ya miezi kwa miguu hadi Bagamoyo, kisha zikavushwa Zanzibar. Wamarekani walikuwa na konsuli wao pale tangu 1837, na hakwenda kupunga upepo. Mabwana walipogonga mipira New York, kuna mtu wa kwetu aliyeubeba mzigo ule, na wengine walifia njiani. Jina lenyewe la Kariakoo ni kumbukumbu ya wapagazi, wale wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza.

Phelan alikuwa pia mtengenezaji wa meza, na pembe zilizidi kuwa ghali. Mwaka 1863 kampuni yake ikatangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu mbadala. Msidhani alimhurumia tembo, aliihurumia biashara. Tangazo hilo lilimwamsha kijana mmoja mchapaji, John Wesley Hyatt, akahangaika miaka hadi kufika kwenye seluloidi, moja ya plastiki za mwanzo kabisa duniani. Phelan alifariki mwaka 1871, plastiki hiyo ikiwa changa.

Pembe hazikuachwa mara moja, maana seluloidi ilikuwa na vituko vyake. Hyatt mwenyewe alisimulia kwamba mwenye baa mmoja wa Colorado alimwandikia: mipira ni mizuri, ila ikigongana kwa nguvu inalia kama bastola, na kila mara wateja wote wanachomoa za kwao.