Konokono wa Maji Baridi Darasani: Yupi Afugwe?

Mwalimu wa biolojia asiye na vifaa vingi aweza kufundisha mengi kwa tangi moja la kioo lenye konokono wachache. Humo wanafunzi wataona jinsi kiumbe alavyo, apumuavyo, azaavyo na ajengavyo gamba lake. Lakini kabla ya kuwatia konokono tangini, sharti ijulikane ni wa jamii gani na wametoka wapi, kwani baadhi yao hueneza kichocho.

Uhusiano huo ulithibitishwa na Robert Leiper nchini Misri mwaka 1915. Mayai ya minyoo ya kichocho hutoka mwilini mwa mgonjwa pamoja na mkojo au kinyesi. Yakifika majini huanguliwa, na viluwiluwi vyake humwingia konokono na kuongezeka humo kwa majuma kadhaa. Hatimaye hutoka kwa wingi, hasa mchana, vikapenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Katika Afrika Mashariki, Bulinus hubeba kichocho cha mkojo, na Biomphalaria kichocho cha matumbo.

Twawatambuaje? Litazame gamba, ncha ikiwa juu na mdomo ukikuelekea. Mdomo wa gamba la Bulinus huwa upande wa kushoto. Gamba la Biomphalaria ni bapa, limejiviringa mfano wa kamba iliyozungushwa juu ya meza. Wote wawili hawana kifuniko cha kuziba mdomo wa gamba, na huvuta hewa kwa pafu. Melanoides, kinyume chao, ana gamba refu lililochongoka, ana kifuniko, hupumua kwa matamvua, na huzaa watoto badala ya kutaga mayai. Yeye habebi kichocho. Ndiye afaaye darasani.

Hata hivyo, alama hizi si ruhusa ya kwenda kuokota konokono bwawani, maana hatari imo katika maji yenyewe. Vimelea vya kichocho havirithiwi: konokono hupata vimelea kutokana na maji yaliyochafuliwa na binadamu, wala si kwa mzazi wake. Basi mwalimu awachukue kwa mfugaji wa samaki wa mapambo, ambaye konokono wake wamezaliwa tangini. Majani ya bwawani nayo yasitumiwe, kwani huweza kuficha konokono wadogo na mayai yao.

Utunzaji wake ni mwepesi. Maji ya bomba yaachwe wazi siku nzima ili klorini ipungue, na kila juma robo yake ibadilishwe. Mchicha uliochemshwa kidogo watosha kuwa chakula. Mabaki yaondolewe kesho yake, yasije yakaoza. Maganda ya mayai ya kuku yaliyosagwa huongeza chokaa, ambayo ndiyo malighafi ya gamba. Wanafunzi wanawe mikono kwa sabuni kila wamalizapo kazi.

Tangi likivunjwa, konokono wasitupwe mtoni wala mferejini. Mwaka 2020 Pomacea canaliculata, konokono mwenye asili ya Amerika ya Kusini, aligunduliwa katika mashamba ya mpunga ya Mwea, Kenya, naye hula miche michanga ya mpunga. Kiumbe asiye na madhara tangini aweza kuwa adui shambani.