"Betri Imekufa": Kauli Moja, Hitilafu Tatu

Makala haya yanakusudia kufafanua namna ya kutambua hitilafu za umeme katika gari kuukuu, kwa kurejelea mazingira ya Chawia, katika Vilima vya Taita. Huenda msomaji akauliza suala hili linamhusuje mwanafunzi wa Kiswahili. Linamhusu kwa kuwa kosa la kwanza la utambuzi ni la lugha. Gari likikataa kuwaka alfajiri, dereva husema, "Betri imekufa." Kauli hiyo inabeba hali tatu zisizofanana: betri iliyochakaa isiyohifadhi umeme, altaneta isiyoijaza, na umeme unaovuja usiku ilhali gari limezimwa. Asiyezipambanua hununua betri mpya, nayo ikafa vilevile.

Mazingira nayo hupotosha. Voi, takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari, ni nchi ya joto. Chawia, penye msitu na ukungu, iko juu zaidi na asubuhi zake ni za baridi. Joto ndilo huharakisha uchakavu wa betri. Baridi huufichua tu, maana oili huwa nzito, stata ikadai nguvu zaidi, na betri ikatoa pungufu. Basi betri iliyoharibikia Voi hufia Chawia, na lawama hupewa baridi.

Kabla ya kulaumu chochote, hapana budi taminali zisafishwe ule unga mweupe na zikazwe. Waya wa ardhi, yaani ule unaounganisha betri na bodi na injini, nao ukaguliwe. Ukishika kutu, taa hufifia na stata hulia "ta-ta-ta" hata betri ikiwa nzima. Kisha itumike mita. Betri iliyojaa na kupumzika usiku kucha husoma takriban volti 12.6, ikisoma 12.0, imekaribia kuisha. Stata ikizungushwa, kipimo kikianguka chini ya volti 9.6 ilhali betri ilikuwa imejaa, hapo ndipo neno "imekufa" lina haki.

Injini ikinguruma, kipimo kipande hadi baina ya volti 13.8 na 14.5. Kikibaki 12 na kuzidi kushuka, altaneta haichaji: pengine mkanda umelegea, brashi za kaboni zimekwisha, au dayodi zimeungua. Kikipita 15, kidhibiti volti kimeharibika na betri inachemshwa. Taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi nayo ni shahidi. Yapasa iwake ufunguo unapofunguliwa na izimike injini inapowaka. Isipowaka kabisa, wengi hufurahi. Kumbe huenda balbu yake imeungua, na katika magari mengi ya zamani altaneta huhitaji umeme upitao katika balbu hiyo ili ianze kuchaji.

Wako wanaong'oa waya wa betri injini ikinguruma ili kuona kama itazima. Jaribio hilo ni la enzi za dinamo. Kwa altaneta, laweza kuunguza dayodi zilizokuwa nzima.

Vilimani pana desturi nyingine: gari hulazwa likielekea mteremkoni, asubuhi likaachiliwa na kuingizwa gia. Ni ujanja wa kusifika, lakini huficha ugonjwa kwa miezi. Tena, injini isipowaka, breki zenye servo huwa nzito baada ya kukanyagwa mara chache, na kona za kuteremkia Mwatate hazisubiri. Gari la petroli lisilochaji laweza pia kuzimika jioni, taa zikiwa zimemaliza umeme uliosalia, pengine likiwa limembeba mgonjwa wa kupelekwa hospitali ya Voi.

Hali ya tatu ndiyo yenye kuchosha. Taa ndogo ya wati 5 isiyozimika hunyonya takriban ampea 0.4, tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu alfajiri imekula zaidi ya nusu ya betri ya ampea-saa 45. Gari lizimwe, milango ifungwe, waya hasi ufunguliwe, na kipimo cha ampea kiunganishwe baina yake na taminali. Stata isiguswe wakati huo. Kikizidi ampea 0.05, fyuzi zichomolewe moja moja hadi kishuke. Aghalabu mkosaji huwa redio au king'ora kilichofungwa baadaye, waya wake ukaunganishwa moja kwa moja na betri bila kupitia fyuzi yoyote. Huo utafutwe kwa macho.