Mkungu wa ziada Matete: kukausha, kugandisha au kuuza?

Mwenye migomba Matete anaijua shida hii. Mikungu mitatu hukomaa kwa pamoja, dalali anataja bei ya kuudhi, na wiki ikipita nusu ya ndizi zimeiva mno hata watoto wanazikataa. Nimelinganisha njia za kuziokoa kwa kutumia mkungu mmoja wa kilo 20. Bei zilizomo humu ni za mfano, maana soko hupanda na kushuka. Weka zako mahali pake.

Tuanze na unga wa ndizi mbichi, kwa sababu ndio unaodumu. Ganda la ndizi mbichi huchukua karibu asilimia 40 ya uzito, hivyo unabaki na kilo 12 za kukata, na sehemu kubwa ya hizo ni maji. Zikikauka hadi kipande kikivunjwa kinalia, utapata takriban kilo tatu na robo za unga.

Sasa gharama. Mkungu ukiununua kwa shilingi 500, malimau 50, kusaga 35, jumla ni 585. Kila kilo ya unga imekugharimu shilingi 180. Pakiti ya kilo 2 ya unga wa mahindi ikiuzwa 150, kilo yake ni 75. Basi usinunue ndizi kwa ajili ya kuzisaga, hata ukisifiwa unga huo namna gani. Mkungu wa shambani mwako ambao haukupata mnunuzi ni habari nyingine: unalipia limau na kinu peke yake, na kilo inakuja shilingi 26. Kwa bei hizi, mpaka uko kwenye shilingi 160 hivi. Dalali akikupa zaidi ya hapo, uza, ununue mahindi. Akitoa chini yake, noa kisu.

Jasho lako sijalihesabu, nalo si dogo. Utomvu hushika mikono na kutia nguo madoa yasiyotoka, kwa hiyo paka mafuta ya kupikia mikononi kabla ya kumenya. Kata vipande vyembamba, milimita tano hivi, na uvitie mara moja kwenye maji ya limau visigeuke rangi. Aina za ndizi za Ng'ombe na Uganda Green zinafaa sana kwa kazi hii. Unga wenyewe una protini kidogo, hivyo uji wa mtoto uchanganye na wimbi au soya. Uganda waliona thamani ya unga huu mapema: mwaka 2005 ulianzishwa mpango wa rais wa kuendeleza viwanda vya ndizi, na unga wa Tooke ukatoka Bushenyi.

Ndizi mbivu za kukausha, kama sukari ndizi au Kampala, zina utamu ambao unga hauna, na mkungu wa kilo 20 utakupa kilo tatu na nusu au zaidi kidogo. Ila sukari yake huvuta nzi na hukawia kukauka. Hapo unahitaji kikaushio cha jua: fremu ya mbao, wavu, na nailoni ya kufunika. Kikikugharimu shilingi 4,000 na ukakitumia kwa mikungu 20, kila mkungu umebeba 200. Ningekijenga kama nina majirani wa kuchangia nao, si kwa migomba minne ya nyuma ya nyumba.

Kwa njia zote mbili za kukausha, mvua ndiyo yenye kauli ya mwisho. Desemba hadi Februari jua la Matete linatosha. Kuanzia Machi asubuhi huwa nzuri na alasiri mvua inashuka, na vipande vilivyokauka nusu vikilala na unyevu hushika ukungu. Vyenye ukungu vitupe; usivikwangue, usivisage.

Friza hupendwa na wengi kwa sababu haina kazi: menya, kata, funga, gandisha. Lakini friza ndogo inayokula uniti moja kwa siku, uniti ikiwa shilingi 27, ni zaidi ya 800 kwa mwezi, na ndizi zilizogandishwa hubaki na ladha nzuri miezi miwili au mitatu tu. Kwa miezi mitatu umelipa zaidi ya 2,400 kutunza ndizi ambazo dalali alizikataa kwa 150. Kama friza inawaka tayari kwa ajili ya nyama au maziwa, tumia pembe iliyobaki. Stima ikipotea usiifungue: iliyojaa huhifadhi ubaridi karibu saa 48, ya nusu 24. Tumia mikebe yenye vifuniko, kwani mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu 28 Agosti 2017.

Jamu siipendekezi. Kilo 13 za ndizi mbivu zilizomenywa hutaka karibu kilo 10 za sukari, na hata sisi majirani wa viwanda vya miwa tunainunua dukani kama wengine. Isitoshe, ndizi haina uchachu wa kutosha. Kuifungia chupani bila limau la kutosha ni kukaribisha sumu ya botulizimu.

Unga wako ukishasagwa, uache upoe kabisa kabla ya kuutia kwenye ndoo isiyopitisha hewa, uandike tarehe juu ya kifuniko, na uufungue kila baada ya wiki mbili kuunusa.